Kurasa za wanaoanza Linux: tuliyojifunza Lubumbashi

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na hapa Lubumbashi habari hiyo iligusa watu wengi kuliko mtu wa mbali anavyoweza kudhani. Mashine nyingi tunazotumia ni za mtumba. Zimefanya kazi miaka katika ofisi za Ulaya au Dubai, nyingi zikaingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na zikauzwa mjini zikiwa na prosesa ambazo Windows 11 haizipokei. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Mashine yenyewe ni nzima, na mwenyewe hana fedha ya kununua nyingine. Basi watu wakaanza kuulizia Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, na kikundi chetu kidogo cha wapenzi wa programu huria, kinachokutana jioni si mbali na chuo kikuu, kikajikuta kina wageni wengi kuliko wenyeji.

Mazoea yetu yalikuwa kumwelekeza kila mgeni kwenye wiki ya jamii tunayoichangia. Ni wiki ya watu wa kujitolea, inaendeshwa kwa MediaWiki, programu ileile inayoendesha Wikipedia, na inaeleza mfumo wa Debian, aina mojawapo ya Linux, kwa Kifaransa pamoja na kurasa chache za Kiswahili. Wageni walikwenda wakasoma, wakarudi na maswali yaleyale. Wengine hawakurudi kabisa, na hao ndio walionisumbua moyo. Mtu amekuja na mashine yake, ameambiwa asome, amerudi nyumbani akiamini kwamba Linux ni ya wataalamu. Hakuna aliyemwambia hivyo kwa mdomo. Ukurasa ndio uliomwambia.

Naandika kwa ajili ya atakayeshika kazi kama hii mahali pengine, iwe wiki ya Debian, ya LibreOffice (programu za ofisi), ya QGIS (ya ramani) au ya programu nyingine yoyote huria. Muda mwingi, mega nyingi za intaneti na hata urafiki kidogo vilitumika pasipo faida kabla hatujaona njia, na mwingine hana haja ya kulipa tena gharama hiyo.

Kila sentensi ilikuwa ya kweli

Ukurasa wa wanaoanza haukuwa na uongo ndani yake. Ulianza na Ian Murdock, mwanzilishi wa Debian, na tangazo lake la tarehe 16 Agosti 1993, ukaeleza maana ya uhuru wa programu, ukapitia mabishano ya mwaka 2014 kuhusu systemd, programu inayowasha huduma za mfumo, ukalinganisha GNOME, KDE na Xfce, yaani mazingira ya kazi anayoyaona mtumiaji kwenye skrini, kisha ndipo ukafika kwenye kupakua. Naipenda historia hiyo na ningependa kila mtumiaji aijue. Lakini mtu aliyeshika fleshi mkononi, ana mega za kuhesabu na umeme usio na uhakika, hahitaji mwaka 1993. Anahitaji kujua achukue faili gani.

Kulikuwa na tatizo jingine la ndani zaidi. Mahali fulani ukurasa ulimwongoza msomaji hatua kwa hatua, mahali pengine ukamwekea jedwali la chaguo zote za kugawa diski, kisha katikati ya jedwali ukaanza kumweleza kwa nini Linux inapanga folda zake jinsi inavyozipanga. Daniele Procida, aliyeunda utaratibu uitwao Diátaxis, anagawa nyaraka za programu katika mafungu manne: somo linalomshika mwanafunzi mkono, maelekezo ya kukamilisha kazi fulani, marejeo ya kutafutia jambo, na maelezo ya kumfanya mtu aelewe sababu. Kila fungu lina msomaji wake na saa yake. Ukurasa wetu ulijaribu kuwa yote manne, na aliyeumia ni yule ambaye hajui bado aruke kipi.

Tulipoona hivyo tuliingia kwa nguvu zote. Tulijifungia, tukaandika ukurasa mzima upya, tukaubandika kwa uhariri mmoja. Haukukaa hata siku mbili. Mhariri mmoja wa zamani wa wiki hiyo, anayeishi mbali na Kongo, aliurudisha kama ulivyokuwa na kuacha muhtasari mfupi: mabadiliko ni mengi mno, hayawezi kukaguliwa.

Hasira ilikuwa kubwa. Baadhi ya wenzetu walisema wiki hiyo ina wenyewe na tuondoke tukaanzishe yetu. Kilichotuliza ni kusoma historia ya ukurasa, kichupo ambacho wachangiaji wapya hawakifungui. Humo tulimwona huyo bwana kwa miaka mingi, mara nyingi akiwa peke yake, akifuta matangazo ya wadanganyifu, akirekebisha viungo vilivyokufa, akibadilisha majina ya matoleo kila Debian mpya ilipotoka. Mtu aliyelinda kitu hivyo ana haki ya kushtuka akikikuta kimebadilika chote kwa usiku mmoja. Kwa hiyo, kabla ya kugusa ukurasa wa wiki yoyote, soma kwanza historia yake na ukurasa wake wa majadiliano. Utajua nani anautunza, nini kimeshajaribiwa, na kwa nini sentensi inayokuudhi ipo pale ilipo.

Tuliandika kwenye ukurasa wa majadiliano, kwa heshima, tukieleza tunataka nini. Akajibu vizuri, akauliza swali moja lililotugeuza: ni wasomaji gani waliokwama, na walikwama wapi hasa? Hatukuwa na jibu. Tulikuwa na maoni.

Kukaa nyuma ya mtu na kunyamaza

Karibu na chuo kuna mama anayeendesha sekretariati ya umma: kompyuta, printa, mashine ya fotokopi, na wanafunzi wanaopanga foleni kuchapisha TFC na memuari zao, yaani tasnifu za kumaliza masomo. Mashine yake moja ilikuwa na Windows 10. Tulimwomba aisakinishe Debian mwenyewe kwa kufuata ukurasa, sisi tukiangalia tu. Alikubali kwa sharti kwamba kazi za wateja zisipotee, kwa hiyo tulianza kwa kunakili mafaili yake yote kwenye diski mbili za nje na kuyafungua kwenye mashine nyingine kuhakikisha yanasomeka. Hatua hiyo haikuwamo kwenye ukurasa wa zamani. Sasa ndiyo ya kwanza.

Kanuni tuliyojiwekea: anayesoma asome kwa sauti, anayeangalia akae nyuma na daftari, aandike kila mahali msomaji anaposimama, asijibu swali lolote isipokuwa data iko hatarini. Ni kazi ngumu mno kwa mtu anayejua. Ulimi unawasha. Mama aligeuka akaniuliza, "Mwanangu, utanyamaza kweli?" Nikamwambia, "Ndiyo mama, unisamehe. Ukurasa ndio unaojaribiwa leo, si wewe." Sentensi hiyo iseme kila mara kabla ya kuanza, na uirudie. Wanaoanza wana desturi ya kuomba radhi: "Mimi ndiye sielewi." Mtu mzima, mwenye biashara, anayelisha watoto kwa kazi ya kompyuta, anaomba radhi mbele ya ukurasa ulioandikwa vibaya. Iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Alisimama kwanza kwenye kupakua. Ukurasa ulisema achukue faili ya amd64, naye mashine yake ina kibandiko cha Intel. Akahitimisha kwamba faili hiyo si yake, akaanza kutafuta nyingine. Jina hilo linahusu prosesa zote za biti 64 za aina hiyo, za Intel na za AMD, lakini hakuna aliyeliandika. Sentensi moja ilitosha kuponya jambo hilo. Pembeni yake tukaongeza onyo kwa wenye mashine za biti 32: Debian 12 ndiyo ya mwisho kuwa na kisakinishi chao, Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina.

Kituo cha pili kilikula fedha. Ukurasa ulipendekeza faili ndogo iitwayo netinst kwa sababu haifikii gigabaiti moja. Kwa mtu wa Ulaya huo ni ushauri mzuri. Kwa sisi ni mtego, kwa kuwa faili hiyo ni mlango tu: ukishaanza kusakinisha, mazingira ya kazi, LibreOffice na vingine vyote vinapakuliwa kutoka kwenye intaneti, na vinazidi kwa mbali hiyo netinst yenyewe. Mega za mama ziliisha katikati. Tulipomnunulia nyingine, umeme ukakatika, na betri ya mashine ya mtumba haikuwa na uwezo wa kusubiri. Usakinishaji ulilazimika kuanzishwa upya. Sasa ukurasa unaeleza wazi: kama unanunua mega, tafuta picha ya DVD ya kwanza (nakala yake nzima katika faili moja), karibu gigabaiti nne, kwa rafiki au kikundi kilichokwisha kuipakua, nakili kwa fleshi, hakiki kwa SHA256 (namba ya kulinganishia faili) kwamba haikuharibika njiani, kisha sakinisha bila mtandao. Gigabaiti nne zinapakuliwa mara moja na kutumika na mtaa mzima.

Njia hiyo ina shimo lake, na tuliligundua kwa mgeni mwingine. Aliyesakinisha bila mtandao anaweza kukuta apt, kifaa cha Debian cha kuongeza programu, ikimwambia aingize diski kila anapotaka kuongeza programu. "Hii mashini iko inaniomba diski, mimi diski sina," alisema kijana mmoja wa Katuba, naye alikuwa sahihi kabisa. Dawa ni kufungua faili ya /etc/apt/sources.list, kuweka alama ya # mbele ya mstari unaoanza na deb cdrom, na kuandika anwani za hazina za mtandaoni. Ukurasa wa zamani ulilitaja jambo hili mbali sana, chini ya kichwa cha "Usanidi wa hali ya juu". Hakuna anayeanza anayeshuka hadi kule.

Kibodi nayo inahitaji aya yake. Mashine zetu nyingi zina kibodi za Kifaransa, AZERTY. Picha za ukurasa zilikuwa za Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi mmoja wa sheria alichagua Kiingereza ili skrini yake ifanane na picha, na kisakinishi kikampa kibodi ya Kimarekani. Akatunga nenosiri bila kuona herufi. Mashine ikafanya kazi kwa muda, mpaka aliporekebisha kibodi kuwa ya Kifaransa, na nenosiri likakataliwa. Vidole vyake vilibonyeza palepale, ila A na Q zilikuwa zimebadilishana nafasi, W na Z vilevile, M imehama, na tarakimu sasa zinadai kitufe cha Shift. Aliamini mtu ameingia kwenye mashine yake. Sasa tunaandika: chagua lugha ya kibodi unayoiona mbele yako, weka alama kwenye kisanduku cha kuonyesha nenosiri wakati wa kulitunga, na nenosiri la kwanza lisiwe na A, Q, W, Z, M, tarakimu wala alama za vituo. Ukishahakikisha kibodi iko sawa, libadilishe kwa lenye nguvu zaidi.

Kisha kuna suala la sudo, amri ya kumpa mtumiaji wa kawaida mamlaka ya msimamizi, suala ambalo peke yake limewakatisha tamaa watu wengi kuliko mengine yote niliyoyaona. Wakati wa kusakinisha, Debian inauliza nenosiri la root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Ukiliandika, mtumiaji wa kawaida unayemtengeneza baadaye haingizwi kwenye kundi la sudo. Ukiliacha wazi, root inafungwa na mtumiaji wako anapewa sudo. Skrini inalieleza hilo, lakini anayeanza akiona kisanduku cha nenosiri hujaza. Baadaye anafuata somo lolote la Ubuntu, aina nyingine ya Linux, anaandika amri inayoanza na sudo, na mashine inamjibu kwamba jina lake halimo katika faili ya sudoers, orodha ya wanaoruhusiwa. Katika matoleo ya zamani iliongeza kwamba tukio hilo litaripotiwa. Mama alisoma jibu hilo mara mbili, akaondoa mikono kwenye kibodi. "Mashine yangu mwenyewe ndiyo inanikatalia?"

Ukurasa ulikuwa na dawa, na dawa yenyewe ilikuwa imechacha. Ulisema andika su (amri ya kugeuka kuwa root), kisha adduser (ya kumwongeza mtu kwenye kundi) pamoja na jina lako na neno sudo. Tangu Debian 10 ya mwaka 2019, su peke yake haibebi njia za amri za msimamizi, kwa hiyo adduser inajibiwa kwamba amri haipo. Inatakiwa su na kistari: su - . Baada ya hapo mtu atoke kwenye akaunti na kuingia upya, la sivyo kundi jipya halitambuliwi. Kistari kimoja kilikuwa kinakosekana, miaka kadhaa, na hakuna mtaalamu aliyekiona kwa sababu mtaalamu hausomi ukurasa huo.

Mwishowe mama aliuliza jambo ambalo hatukuwahi hata kulifikiria. Hakujali kiini cha mfumo wala usalama. Alitaka kujua kama TFC ya mwanafunzi iliyoandikwa kwa Times New Roman katika Word itasogea kurasa ikifunguliwa kwake, kwa maana kurasa zikisogea, jedwali la yaliyomo linakosea na mwanafunzi anamgombeza yeye. Jibu lipo, na ni zuri: fonti ya Liberation Serif ilichorwa iwe na upana uleule wa herufi za Times New Roman, kwa hiyo mistari inakatika palepale. Kwa Calibri kuna Carlito, kwa Cambria kuna Caladea, ambazo katika Debian zinaitwa fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea. Tuliandika ukurasa mfupi wa jambo hilo tu, na wenye sekretariati wengine mjini wamekuwa wakiuliza habari zake kuliko kurasa zetu nyingine.

Kurudi kwenye majadiliano, safari hii na daftari

Tulirudi kwa yule mhariri wa zamani tukiwa na orodha: msomaji wa aina fulani, mashine ya aina fulani, sentensi hii, alisimama hapa, alielewa vile. Mazungumzo yalibadilika sura. Hakuna tena aliyebishana kuhusu mtindo, kwa kuwa mbele yetu palikuwa na mtu halisi aliyekwama. Tulikubaliana uhariri mmoja ubebe jambo moja, na muhtasari utaje sababu. Historia na systemd vilihamia ukurasa wa pekee. Jedwali la kugawa diski likawa marejeo. Kila tulipobadilisha jina la ukurasa tuliacha elekezo la kumpeleka msomaji kwenye jina jipya, kwa sababu viungo vya zamani vimesambaa kwenye vitini vya watu ambavyo hakuna anayeweza kuvirekebisha. Vipande vikubwa tuliviandika kwanza kwenye kurasa ndogo za akaunti zetu wenyewe, wengine wakavisoma, kisha vikahamishwa.

Kuna mahali alikataa katakata, na ninamshukuru. Ukurasa ulikuwa na amri ya dd ya kuandika picha ya Debian kwenye fleshi, na ilimalizika kwa of=/dev/sdX, yaani jina la kifaa cha kuandikiwa. Mmoja wetu, kwa nia ya kumrahisishia msomaji, aliandika sdb badala ya sdX ili amri inakilike na kufanya kazi moja kwa moja. Ilirudishwa papo hapo. Ile X iliwekwa kwa makusudi isifanye kazi. Kwenye mashine moja sdb ni fleshi, kwenye nyingine ni diski ya pili yenye picha za harusi na memuari, na dd haiulizi mara mbili. Urahisi unaoweza kufuta diski ya mtu si urahisi. Tulichofanya badala yake ni kuweka kabla yake hatua ya lsblk, amri inayoorodhesha diski zilizopo, mara moja fleshi ikiwa nje na mara nyingine ikiwa ndani, ili msomaji aone kwa macho yake kifaa kilichoongezeka. Na kwa anayetoka Windows, ambaye ndiye mgeni wetu wa kawaida, tukaiondoa dd kabisa kwenye njia yake: atumie Rufus, programu ya Windows yenye kuonyesha jina na ukubwa wa fleshi.

Ushauri uliochacha ulitupa kazi nyingi kuliko ushauri mbaya. Ukurasa ulikuwa bado unamtuma mgeni kutafuta picha zisizo rasmi zenye faimwea (programu ndogo inayoendesha kifaa) ya Wi-Fi, jambo lililokuwa la lazima zamani. Watengenezaji wa Debian walipiga kura mwaka 2022, na tangu Debian 12 ya Juni 2023 faimwea hizo zimo ndani ya picha rasmi. Aya nzima ilifutwa. Kufuta kuliwaogopesha wenzetu wengine, kana kwamba kazi ya mtu inatupwa. Kwenye wiki haitupwi, historia inaihifadhi. Nashauri anayeanza kazi hii apange kufuta zaidi ya kuongeza.

Na uangalie maneno yametoka wapi. Tulikuta vipande vilivyotafsiriwa kutoka ArchWiki, wiki nzuri sana ya aina nyingine ya Linux, lakini leseni yake ni GNU FDL, na wiki yetu ni ya CC BY-SA. Leseni hizo mbili haziruhusu maandishi kuchanganywa hivyo. Nafasi ambayo FDL 1.3 ilizipa wiki ya kuhamia CC BY-SA ilifungwa Agosti 2009. Tuliviandika upya kwa maneno yetu, baada ya kujaribu kila amri kwenye Debian, na ilibainika kwamba baadhi zisingefanya kazi hata hivyo.

Gharama

Hakuna aliyetulipa. Mega, teksi za kwenda Katuba na Ruashi, bukari (ugali) la jioni, vyote vilitoka mifukoni mwetu, na katika miezi migumu kikundi kilipungua. Baadhi waliondoka kwa sababu waliona kuandika maelekezo si kazi ya programu hasa. Walitaka kuandika msimbo. Sikubaliani nao. Bado naamini kistari kile kwenye su kimewafaa watu wengi kuliko programu ndogo ndogo tulizowahi kuandika kwa majigambo.

Tulipunguza gharama kwa wasomaji pia. Picha za skrini zilikuwa nzito na zilichakaa haraka, kwa hiyo tulibakiza zile tu ambazo maneno hayawezi kuzichukulia nafasi: ya kuchagua diski, na ya kisanduku cha root. Nyingine tuliandika jina la kitufe kama linavyoonekana kwenye skrini, kwa Kifaransa, hata ndani ya ukurasa wa Kiswahili, kwa kuwa msomaji anatafuta neno lilelile aliloliona. Vitufe vya kuwashia kutoka kwenye fleshi viliwekwa kwa aina ya mashine: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 au Esc kwa HP. Na wiki nzima tunaifunga kuwa faili ya ZIM kwa kifaa cha mwoffliner, ili isomwe kwenye programu ya Kiwix bila intaneti, kwa simu. Mtu anayesakinisha mfumo upya hana kompyuta ya kusomea maelekezo; tulipaswa kujua hilo bila kuambiwa, lakini ni mgeni aliyetuambia.

Kurasa haziishi zenyewe. Debian hutoa toleo jipya karibu kila miaka miwili, na kila toleo linachachisha kitu. Tulitengeneza kiolezo kidogo kinachokaa juu ya kila ukurasa wa wanaoanza: toleo lililojaribiwa, mwezi na mwaka, aina ya mashine, na kama aliyejaribu alikuwa mgeni au mzoefu. Ukurasa ambao haujajaribiwa na mgeni kwenye toleo la sasa unaingia wenyewe kwenye jamii (kategoria) ya kurasa zinazosubiri, na hiyo ndiyo orodha ya kazi tunayoifungua tukikutana. Kila mgeni anayekuja siku hizi anaombwa, kabla ya kusaidiwa, asome ukurasa mmoja kutoka kwenye orodha hiyo kwa sauti. Wengi wanafurahi kuombwa.

Linalotukabili sasa ni printa. Mpya nyingi zinachapisha kupitia CUPS, mfumo wa uchapishaji wa Linux, bila kuongezewa dereva, lakini za mtumba zilizojaa sekretariati za hapa ni habari nyingine: baadhi ya HP LaserJet ndogo, kama P1102, zinahitaji programu-jalizi ya hplip (programu ya printa za HP) inayopakuliwa kando, na ukurasa wetu unalieleza jambo hilo kwa mstari mmoja tu. Mama ametukubalia tuijaribu yake Jumapili, wateja wakiwa hawapo. Mwenye printa ya aina nyingine, na dakika za kukaa nyuma ya mtu anayeijaribu, ukurasa wa majadiliano uko wazi.